Kijiti Kilicho Mkononi Mwako

Nyemo,

Marahaba. Najua hujaniamkia leo. Uliondoka alfajiri na gari la wakwe zako kama mtu anayekimbia mvua, ukasema utaniamkia ukirudi. Mimi nimeshaitikia. Na mbukwa pia, maana huko uendako sidhani kama kuna atakayekusalimia Kigogo.

Nakuandikia nikiwa jikoni, nimekaa kwenye kigoda, karatasi nimeilaza juu ya ungo. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku amepita kwenye majivu. Kuandika nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto yuko mgongoni, na mwalimu wetu alikuwa kijana aliyeogopa kutusahihisha. Kwa hiyo makosa utakayoyaona humu ni yake.

Sitakuandikia habari za sweta. Wala sitakuambia ule nini na ulale saa ngapi. Hayo umeambiwa Jumapili, kwenye sherehe ya kukuaga, na kila aliyeshika kipaza sauti. Hata yule jirani yetu ambaye tangu azaliwe hajavuka Kongwa alikufundisha namna ya kutembea kwenye barafu. Mimi nataka kusema habari ya kijiti chako cha kupanga uzazi.

Uliniuliza juzi. Tulikuwa uani tunachambua mlenda, ukasema bila kuniangalia, "Bibi, wanataka nikitoe kabla sijaondoka. Nikitoe?" Na mimi, mtu mzima, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, nikakujibu nini? Nikakuambia unachambua ovyo, unaacha mabua. Ukaendelea kuchambua. Mabua hayakuwepo. Sikuwa na jibu, na mimi nisipokuwa na jibu huwa nagomba. Umekulia mikononi mwangu, hilo ulipaswa uwe umeshalijua.

Sasa nadhani jibu ninalo, na wewe ndiyo uko huko mjini, Area D, sebuleni kwa watu. Mkweo, Mama Elia, alisema mdogo wake, yule nesi mstaafu, atakuja leo na vifaa vyake akitoe hapo hapo nyumbani, halafu muombewe, halafu mle. Nilipolisikia hilo nilitikisa kichwa tu, nikamezea. Kitu kilichowekwa na mikono iliyonawa, kwenye chumba cha dawa, kinatolewaje kati ya soda na mandazi?

Nimeosha sufuria zote. Nimefagia uwanja, nikafagia tena mahali nilipokwisha fagia. Begi lako nimelifungua. Ile mbeleko aliyokupa mkweo mbele ya watu wote, akakufunga nayo kiunoni wanawake wakapiga vigelegele, niliikuta umeiweka juu kabisa. Nikaitoa nikaisukuma chini, chini ya viatu. Nikakaa. Nikainuka nikairudisha juu. Nguo haina kosa. Ni nguo nzuri hata, nzito, haitachuja.

Ngoja niseme vizuri, nisije nikaruka ruka kama mbuzi.

Kijiti uliwekewa ukiwa chuoni, kabla ya ndoa, na Elia alijua, mlikubaliana wenyewe. Mlisema umalize ualimu kwanza, ufike huko, ujue lugha yao, upate karatasi za kukuruhusu kufanya kazi, ndipo mzae. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, na nilikuona umenyooka wakati unaeleza. Halafu siku ya kujaribu gauni la kuagwa, Mama Elia akakushika mkono akusaidie kuingiza, vidole vyake vikagota pale. Akauliza mbele ya fundi na mashangazi wote, "Mume yuko Kanada, kijiti cha nini?" Ukaangalia chini. Nilikuwepo, Nyemo. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi na soda yangu, na mimi nikaangalia chini. Wakampigia Elia, simu wakaiweka watu wote wasikie, naye akasema, "Mama, hayo ni mambo ya wanawake, mimi siyajui."

Siyajui. Ninampenda Elia, anajua kuchinja kuku bila kumtesa, lakini siku ile ningekuwa karibu yake ningemfinya. Ukifika huko, kabla hujafungua begi, muulize lile neno lilitoka wapi. Usimuulize kwa kulia. Muulize kama unavyouliza bei. Mwanamume anayejua na kujifanya hajui anakuacha peke yako uwanjani, na huko kwenye baridi uwanja ni mkubwa kuliko huu.

Sasa nikuambie la kwangu, na unisikilize, mke mwenzangu. Babu yako alikuita mke wake tangu ukiwa unatambaa, kwa hiyo wewe na mimi hatuna aibu. Mama yako mzazi hawezi kukwambia haya. Kwetu mama na binti hawaongei habari za kitandani, kazi hiyo ni ya bibi. Mimi nilipewa kazi hiyo na sikuifanya vizuri mara zote.

Sisi hatukuwa na kijiti, lakini usidhani tulikuwa tunazaa kama panzi. Kule Haneti, katika ukoo wetu, tulikuwa na kata ya maji. Mwanamke akizaa, hakurudi kwa mumewe mpaka mtoto yule awe na uwezo wa kwenda mwenyewe kwenye mtungi, achote maji kwa kata, avuke uwanja, amletee bibi yake bila kumwaga. Bibi anakunywa, anarudisha kata, anasema, "Huyu amekuwa mtu." Basi, hapo mama anaruhusiwa. Kabla ya hapo, aliyelala na mumewe akashika mimba mtoto akiwa bado mgongoni, huyo amembemenda mtoto. Miguu ya mtoto inalegea, tumbo linaharisha, na ukoo mzima unajua kilichotendeka ndani ya tembe ile.

Usicheke. Ilifanya kazi. Lakini ilifanya kazi kwa sababu ya mkwe wangu. Nilipomzaa mjomba wako wa kwanza, yule mama alihamisha ngozi yake ya kulalia akaileta chumbani kwangu, akalala mlangoni kabisa. Babu yako akisogea tu, anasikia kikohozi. "Nani?" "Mimi mama, nimekuja kuchukua kiberiti." Kila siku kiberiti kimepotea. Wanaume wengine walikuwa na nyumba ya pili ya kwenda, babu yako hakuwa nayo, alikuwa na kiberiti tu. Nilimchukia yule mama kwa kile kikohozi. Na nilizaa watoto wangu wakiwa wamepishana vizuri kama ngazi, nikabaki na meno yangu na mgongo wangu, nikajisifu kwamba ni mimi niliyeshika sheria. Haikuwa mimi. Ni yule mzee aliyekuwa anakohoa.

Hilo nimelijua nikiwa mzee, na nimelijua kwa gharama ya mama yako.

Mama yako alipoolewa, baba yako akamchukua kwenda Kahama, machimboni. Nilimfungia mtama, nikamfungia karanga, nikampa sheria ya kata, na maneno makali juu yake. Sikumpa mtu wa kukohoa. Walikuwa na chumba kimoja cha kupanga na kitanda kimoja, ukuta wa pili ni watu wasiowajua, kila mtu na kabila lake. Ukazaliwa wewe. Ukiwa bado kwapani, akanitumia ujumbe kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anapita huku: kule zahanati wanatoa vidonge vya majira, mama, nimeze? Nikamjibu kwa mwanamke yule yule kwamba vidonge ni vya wanawake wasio na kwao. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa kwenye jiwe lile lile la kusagia unaloliona hapo nje, na nilijiona nimesema jambo la hekima.

Akashika mimba wewe ukiwa unatambaa.

Niliposikia unaumwa nilipanda basi. Nilikukuta umekonda, miguu kama njiti za kiberiti, unaharisha. Meno yalikuwa yanaota na maji ya kule hayakuwa maji, leo najua. Siku ile sikutaka kujua. Nilisimama mlangoni, wapangaji wote wako nje wanafua, nikamwambia mama yako, "Umembemenda mtoto." Kwa sauti hii hii unayoijua. Nikakufunga mgongoni kwa khanga yangu nikaondoka na wewe, naye akasimama pale na tumbo lake, ameshika kile kikombe chako cha uji.

Watu wamekuambia mama yako alikutupa kwa bibi. Nimewasikia wakikuambia, na sikuwakatiza, kwa sababu ilinifaa uone mimi ndiye niliyekuokota. Mama yako hakukutupa. Nilikuchukua. Utakapompigia simu kesho kabla ya treni, piga ukijua hivyo.

Na bado sikukoma. Alizaa tena, akazaa tena. Kila akija hapa Buigiri tumbo liko mbele, na mimi kila akija namwuliza, "Kata iko wapi?" Niliona ni utani. Siku moja akanijibu, polepole tu, huku anamnyonyesha mdogo wako: "Mama, kule hakuna mtungi. Maji tunanunua kwa ndoo." Tangu siku hiyo sijauliza tena. Lakini sikusema kitu pia, na kunyamaza kwangu yeye aliona ni hasira.

Kwa hiyo ukiniona naogopa wewe kwenda Kanada, siogopi barafu. Naogopa makatazo ya kwetu yatasafiri nawe kwenye ndege bila tiketi, na watu wa kukusaidia kuyabeba watabaki huku.

Nimepumzika kidogo. Kiuno.

Nilikuwa nakwenda kukuandikia habari ya wifi yako Rehema, aliyetangulia Kanada, lakini nimeshindwa kukaa, nimekupigia simu kwanza. Imeita, akapokea Mama Elia. "Bibi, Nyemo amepumzika." Amepumzika? Nyemo hajalala mchana tangu aache kunyonya. Nikasema, "Haya mama, asante." Nikakata. Nikajitukana mwenyewe mpaka paka akatoka jikoni.

Rehema basi. Hili ameniruhusu nikuambie wewe tu, na ukilipeleka kwa mama yake nitakufuata huko huko Kanada kwa miguu. Ulinifundisha wewe ile simu ya kuonana uso, sasa nyie wote mnanimwagia mambo yenu, kana kwamba mimi ni kisima kilichokauka. Rehema anasema alipofika huko alikwenda kliniki, lugha haijakaa vizuri, wakamtafutia mkalimani. Mkalimani akawa ni mama wa kanisani kwao, anayekula pilau na ndugu wa mumewe kila Jumapili. Nesi akauliza, "Unataka kupumzika kuzaa?" Rehema akamwangalia yule mama, akasema, "Hapana, namshukuru Mungu, nataka watoto." Alikuwa anataka kupumzika. Alikuwa anataka kulia. Akarudi nyumbani, akapata yule wa tatu, na unamjua yule mtoto, tunampenda, lakini mama yake anasema kwa muda mrefu alikuwa anamnyonyesha huku ameangalia ukuta.

Mara nyingine akakutana na nesi wa aina nyingine, huyo hakuuliza kabisa. Aliona mwanamke mweusi ana watoto watatu, akamalizia hesabu mwenyewe kichwani, akamchoma sindano ya kuzuia mimba. Rehema akanyoosha mkono akachomwa. Nikamwuliza, "Kwa nini hukukataa?" Akasema, "Bibi, daktari anakataliwaje?" Adabu hiyo tumewafundisha sisi: mkubwa akisema, itikia. Damu ikavurugika miezi, akaogopa kurudi kuuliza, akaamini tumbo limekauka, akaamini amelogwa, akaamini kila kitu isipokuwa kwamba angeweza kurudi pale akasema, mnieleze.

Kwa hiyo wewe, mkalimani mwenye kula pilau na wakwe zako mkatae. Sema kwa adabu, "Nataka mwingine." Wakikuuliza sababu, sema bibi yako ni mkorofi. Na daktari akitaka kukufanyia jambo hujalielewa, sema, "Subiri kwanza." Jifunze neno hilo kwa lugha yao kabla hujajifunza asante. Na mumeo akija naye kliniki, vizuri, aje, lakini kuna dakika unamwambia akasubiri nje. Asipoelewa, mkumbushe ile siku aliyosema mambo ya wanawake hayajui.

Usidhani nimekuwa mtu wa kijiti. Mimi siyapendi hayo madude. Kitu kinakaa chini ya ngozi ya mtu kama mwiba, na nimesikia kwa wanawake wa kisimani kwamba kinakausha tumbo. Sikukuambia, lakini wiki iliyopita nilikwenda zahanati kuuliza. Nesi ni yule binti niliyewahi kumchapa kwa kuiba zabibu zetu, sasa ana koti jeupe na miwani. Nikamwambia mgongo unaniuma. Akaniangalia. "Bibi, mgongo unauma au umekuja kuniuliza habari ya Nyemo?" Buigiri hii hakuna siri. Nikamwuliza, "Kinakausha?" Akasema, "Hakikaushi. Kikitolewa, uzazi unarudi." Nikasema, "Una uhakika?" Akasema, "Bibi, ningekuwa nakausha watu, wewe ungekuwa umeshanichapa tena." Akanieleza kwamba damu inaweza kubadilika, ikawa kidogo au ikawa ovyo, na ikimsumbua mtu anarudi wanamsaidia, kuna njia nyingine. Akasema pia kukitoa si kazi ya sebuleni. Hilo la mwisho sikumwuliza. Alilisema mwenyewe, kwa hiyo habari ya Mama Elia ilishafika hadi kwake.

Sasa mkweo. Utataka kumchukia, ni rahisi, mtu mwenyewe anasema kwa sauti ya kanisani hata akiomba chumvi. Usimchukie. Siku ile ya gauni, wengine walipokwenda kula, alinishika mkono kule koridoni. Akasema, "Bibi, mimi nimewapeleka wawili kule. Mtoto asiye na mtoto huko harudi. Elia akizaa atataka mwanawe aone nyumba yetu. Asipozaa atanitumia picha tu." Anatafuta kamba ya kumvutia mwanawe nyumbani, na kamba aliyoiona ni tumbo lako. Ni mama kama mimi nilivyokuwa. Nilitaka kumwambia, mwenzangu, mimi kamba hiyo nilishaivuta, ikaniletea mjukuu na kuniondolea binti. Sikumwambia. Nilisema, "Mungu ni mwema," nikaenda kula.

Na nikuambie ukweli mwingine, maana nimeanza. Na mimi namtaka huyo mtoto. Namtaka kitukuu wangu, namtaka hapa, nimwogeshe, nimlaze kwenye ungo huu huu. Magoti yangu yananiambia nisingoje sana. Uliponiuliza "nikitoe?", neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "kitoe". Lilifika hapa kwenye meno. Ndiyo maana nikakugombeza habari ya mabua. Usidhani bibi yako amekaa upande wako kwa sababu ni mwema. Amekaa upande wako kwa kujilazimisha, na kiti chenyewe kinamchoma.

Nimetoka tena. Nimerudi. Ngoja nikueleze.

Nilivaa kitenge changu cha kijani na viatu vya kufunga, nikaenda barabarani. Nilikuwa nakuja huko. Najua bibi wa upande wa binti haendi kwa wakwe bila kuitwa, najua, mimi ndiye niliyewafundisha nyie wote mwiko huo. Nikasema leo mwiko utanisamehe. Nitaingia, nitasema, "Wekeni vifaa chini." Nilishapanga na maneno yote, moja baada ya jingine, na yalikuwa maneno mazuri, Nyemo, yangewakata kama wembe. Gari likaja, kondakta akasema, "Bibi panda, twende mjini." Nikaweka mguu mmoja.

Halafu nikamwona mama yako na kile kikombe cha uji. Nikajiona mimi mlangoni, watu wote wanatazama, nasema juu ya mwili wa mtu mwingine kwa sauti ya juu. Safari ile nilisema amekosa kwa kutojizuia. Safari hii ningesema wamekosa kwa kukitoa. Sauti ni ile ile, na mwenye mwili amesimama katikati kimya, hajaulizwa. Nikashusha mguu. Kondakta akasema, "Bibi unatuchelewesha bwana," nikamwambia aende na ukoo wake wote.

Nimepiga simu nikiwa pale pale barabarani. Akapokea yeye tena. Safari hii sikusema asante. Nikamwambia, "Mama Elia, mwenzangu, namtaka mjukuu wangu sikioni. Akiwa amelala, mwamshe." Halafu nikakusikia wewe, "Shikamoo bibi." Nilikusikia unavyopumua. Na nyuma yako nilisikia vijiko na mtu anacheka.

Unakumbuka nilichosema, lakini acha nikiandike, kwa sababu simu inapotea hewani. Nilisema: "Uliniuliza juzi, nikakugombeza badala ya kukujibu. Jibu ni hili. Ni mkono wako. Ukitaka kukitoa, kitoe siku unayotaka wewe na kwa mtu anayejua kutoa. Ukitaka kibaki, kibaki. Mimi nitakula ugali wangu na kulala vyovyote vile. Na ukiniambia nije, nakuja sasa hivi."

Ukasema, "Sawa bibi."

Nikasema, "Sawa nini?" Ukasema, "Sawa, nimesikia." Halafu ikakatika, au ilikatwa.

Sasa nimekaa na hilo sawa lako, nalipindua pindua kama sarafu ya zamani, sijui inanunua nini. Umesema sawa kwa sababu mkweo alikuwa amesimama karibu? Umesema sawa kwa kuwa kilishatoka, bandeji iko mkononi, na bibi yako kachelewa kama kawaida yake? Au ni sawa ya mtu ambaye alishaamua kabla ya mimi kufungua mdomo? Hiyo ya mwisho ndiyo naiombea. Ungekuwa mtoto wa mama yako kweli kweli ungekuwa umeshaamua. Mama yako naye aliamua, baadaye sana. Alikwenda mwenyewe akawekewa kitanzi cha uzazi baada ya mdogo wenu wa mwisho. Hakunitumia salamu wala kuniuliza. Nilikasirika sana kwamba hakuniuliza. Sasa naona hilo ndilo lilikuwa tendo lake la akili kuliko yote.

Jua limeshafika kwenye ukingo wa kilima. Nimeweka maji ya kuoga motoni. Mlenda umebaki wa kutosha, nimeufunga kwenye mfuko ule mgumu, wakikuuliza uwanja wa ndege sema ni dawa ya bibi.

Jambo la mwisho, na hili si ushauri. Kwetu anayekwenda mbali hupakwa mafuta na bibi yake asubuhi ya safari, unajua, nilimpaka mjomba wako alipokwenda jeshini, nilimpaka mama yako. Paji la uso, halafu mikono, kuanzia bega mpaka kwenye kucha, nikisema majina ya waliotangulia. Mafuta ya karanga nimeshayakamua, yako kwenye kichupa dirishani. Nilikuwa nimeyapanga kwa hila, nikuambie ukweli. Nilijua nikikupitisha mkono begani nitagusa pale, nitajua kama kipo au hakipo, na wewe hutaweza kuninyima. Wiki nzima nilikuwa nangojea asubuhi hiyo kama mwizi.

Kesho utavaa blauzi ya mikono mirefu. Usiikunje. Nitakupaka paji la uso, halafu nitaanzia kwenye kiwiko kushuka chini. Waliotangulia watanisamehe kwa ile sehemu ya juu.

Barua hii nitaikunja ndani ya mbeleko, uione usiku huu ukifunga begi; mbeleko yenyewe utaifunga siku ile utakayoihitaji wewe, na si kabla.

Nasikia gari. Limepunguza mwendo hapa kwenye kona ya kwetu. Mlango umegongwa, na ni wewe, unagonga kwa viganja kama ulivyokuwa unagonga utotoni, mikono yote miwili. Nakuja kukufungulia. Sitauliza.

Bibi yako aliyekubeba kutoka Kahama,
Mama wa mama yako